Shangazi Ahamia Winguni kwa Mkono Wake

Ukikwama ndani ya lifti katika jengo lolote linalohudumiwa na kampuni moja ya lifti pale mjini, ukabonyeza kitufe chenye picha ya simu, sauti ya kwanza utakayoisikia ni ya Shangazi. Hatakuuliza kwanza uko jengo gani. Atakuuliza, "Uko na nani humo ndani, mwanangu?" Ukimjibu tu, hata kama unatetemeka, tayari umeanza kuzungumza, na anayezungumza hana budi kupumua. Ndipo atakuuliza jengo, na kabla hujamaliza kulitaja vidole vyake vimeshaanza kumtafuta fundi aliye karibu nawe.

Jina lake la kwenye kitambulisho wengi pale ofisini hawalijui. Walinzi humwita Shangazi, mafundi humwita Shangazi, hata mhasibu mkuu, ambaye kwa umri angefaa kuwa kaka yake mkubwa, naye humwita hivyo hivyo. Na mgeni akipita karibu na meza yake hukawia kugundua kwamba haoni. Humdhania ni mtu aliyezama kazini, mwenye hedifoni masikioni, anayetazama mbali kama wanavyotazama watu wanaofikiri.

Zamani alikuwa mpiga chapa katika shule moja. Presha ya macho ikamwanza akiwa bado kijana, ikamfungia mwanga pole pole, leo pembeni, kesho katikati, mpaka asubuhi moja akamuuliza mumewe mbona hajafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Ndugu wakaja kusaidia. Mama mkwe akahamisha masufuria yote ili asije akajiunguza. Wifi yake akaficha visu. Dada yake akawa anakuja kufua, na nguo akizianua anazipanga anavyojua yeye. Kila mtu alikuwa na nia njema, na kila jioni mwenye nyumba akawa mgeni zaidi ndani ya nyumba yake. Alivumilia kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja akaingia jikoni, akafunga mlango, akateremsha kila kitu sakafuni, vikombe, miiko, makopo ya viungo, akakirudisha kimoja kimoja kwa mkono wake. Mama mkwe alisimama nje akigonga, "Mwanangu, utajikata!" Naye akajibu kutoka ndani, "Nikijikata, mama, nitajua nimejikatia wapi."

Huyo ndiye mwanamke ambaye baadaye alijiunga na kozi ya kompyuta ya wasioona, akajifunza kutumia programu inayosoma skrini kwa sauti, akaomba kazi kwenye dawati la simu la kampuni ya lifti, akaipata. Programu ile akaipa jina la Kasuku. Mwanzoni Kasuku alikuwa anayaharibu majina ya mitaa na majengo vibaya sana, kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Shangazi akamfundisha jina moja baada ya jingine, neno hili litamke hivi, hili likate hapa, miaka na miaka. Kasuku akawa anasoma haraka kiasi kwamba wenzake wakipita na kusikia sauti ikivuja kwenye hedifoni walifikiri mashine imeharibika. Yeye alielewa kila neno.

Sasa, kompyuta zote za ofisi zilikuwa chini ya seva moja iliyowekwa kwenye kijichumba nyuma ya jiko la chai. Seva hiyo ndiyo iliyotunza majina na nywila za watu wote. Ukifika asubuhi na kuandika nywila yako, kompyuta huiuliza seva, "Huyu tunamjua?" Seva ikikubali, unaingia. Lakini seva ilikuwa imezeeka. Joto likizidi ilizimika, na ikizimika wafanyakazi wote walikaa wakitazamana. Wakuu wakaamua kuistaafisha. Kila akaunti ingehamia kwenye saraka ya mtandaoni, yaani daftari la majina na nywila lililo kwenye intaneti, huko wanakokuita winguni, na kila kompyuta ingetolewa kwenye kikoa cha ofisi, lile kundi la kompyuta zinazoitii seva, na kuunganishwa na huko.

Kazi hiyo alipewa fundi kompyuta wa ofisi, bwana mmoja mrefu wa makamo waliyemwita Kebo. Alikuwa fundi mzuri na mtu wa watu, ila akisukumwa huharakisha. Akaanza na idara ya mauzo, akaenda stoo, akaenda uhasibu. Haikuwa shwari sana. Mwanamke wa mauzo alifungua kompyuta yake akakuta picha za wajukuu zake zimetoweka kwenye skrini, akapiga kelele kana kwamba watoto wenyewe ndio waliopotea. Mtu wa stoo akawa anachapisha karatasi zake kwenye mashine ya ghorofa nyingine. Yote yalirekebishwa. Ikabaki meza ya Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi," Kebo alisema, akavuta kiti.

"Marahaba. Umekaa chini kabisa? Basi habari yenyewe si fupi."

Kebo akacheka kidogo, kisha akamweleza bila kuficha. "Ni kama kuhama nyumba. Ukiingia kwa akaunti mpya, kompyuta inakuona mgeni, inakupa chumba kipya kitupu. Vitu vyako bado vimo kwenye chumba cha zamani, lakini mlango wake una jina la mtu mwingine. Kwa wenzako mimi nahamisha vitu, basi. Kwako wewe kuna Kasuku. Maneno yote uliyomfundisha yako kwenye chumba cha zamani. Halafu pale pa kuandikia nywila, ambapo ulizoea kuandika kwa kukariri, maswali yatakuwa mapya, na Kasuku atakuwa bado hajaamka."

"La pili?"

"Nani kakwambia kuna la pili?"

"Unahema kama mtu mwenye la pili."

"La pili ni kwamba mfumo mpya unataka uthibitisho. Unaonyesha namba kwenye skrini, nawe unaiandika kwenye simu yako. Simu yako inasema, sawa. Lakini namba ya kwenye skrini nani atakusomea?"

Simu ikalia, Shangazi akaipokea, akamtuliza kijana mmoja aliyekwama na baiskeli kwenye jengo la benki, akamtuma fundi, akarudi kwa Kebo. "Tutapata njia," akasema.

Meneja wa ofisi alikuwa na mawazo mengine. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye haraka siku zote, ambaye miadi yake ilifuatana bila nafasi ya kupumua. Alimwita Shangazi ofisini kwake, akamkalisha, akammiminia glasi ya maji.

"Hakuna anayekufukuza, dada yangu," alisema. "Tunakutafutia kitu chepesi tu. Pale mapokezi, unakaribisha wageni, sauti yako nzuri. Unapumzika."

"Kwani nimesema nimechoka?"

"Hapana, ila..."

"Basi nipumzike nini?"

Meneja akasema watajaribu kuihamisha kompyuta ile Ijumaa mchana, wakati simu zinapopungua, na ikishindikana watatazama upya.

Ijumaa ilipofika, Kebo alikuwa ameshaitwa mara kadhaa na meneja kuulizwa lini atamaliza. Akaja mbio. Simu za Shangazi zikaelekezwa kwa mwenzake wa dawati la pili. Kebo akaketi kwenye kiti cha Shangazi, na Shangazi akasimama pembeni akisikiliza kibodi yake mwenyewe ikibonyezwa na mtu mwingine.

"Nishaitoa kwenye kikoa," Kebo alisema. "Sasa inajizima na kuwaka upya."

Feni ikazimika, ikaanza tena. Kisha kimya. Kebo akabonyeza. Akabonyeza tena. Shangazi akasikia akivuta pumzi na kuizuia.

"Nini?"

"Subiri kidogo."

"Kebo. Nini?"

Alisema polepole, kwa aibu. Kompyuta ilikuwa imeshaiaga seva ya zamani, kwa hiyo akaunti ya zamani haikukubaliwa. Winguni bado haijafika, kwa hiyo akaunti mpya nayo haikujulikana. Ilitakiwa iwepo akaunti moja ya humo humo ndani ya kompyuta, ya dharura, ya kumwingizia fundi. Kwenye kompyuta nyingine ilikuwepo na ilifanya kazi. Kwenye hii ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, na yeye hakuikagua kabla ya kuruka.

"Yaani umetoka nyumba ya zamani, ukafunga mlango, na funguo za nyumba mpya hujapewa."

"Ndiyo hivyo."

"Na vitu vyangu?"

"Vimo. Naapa vimo. Nitavipata, lakini si leo."

Shangazi hakupaza sauti. Alitafuta ukingo wa meza yake kwa kiganja, akaugusa, akachukua mkoba wake. Jumatatu meneja akamwambia kwa upole ule ule kwamba kwa sasa akae mapokezi. Akakaa. Mezani kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki yenye vumbi, na wageni waliofika walisalimiana na maua kwanza. Kazi yake ilikuwa kusema "Karibuni" na kunyoosha kidole kuelekea kwenye ngazi. Nyuma ya ukuta, mbali kidogo, alisikia simu za dawati lake zikilia na mwenzake akizipokea kwa kukimbilia, "Jengo gani? Jengo gani?" na kila mara alijua upande wa pili kuna mtu ambaye bado hajavuta pumzi.

Nyumbani mumewe, fundi wa masofa, alimkuta jikoni akikatakata vitunguu kwa hasira.

"Vitunguu vimekukosea nini, mke wangu?"

"Wameniweka mapokezi na maua."

"Maua mazuri?"

"Ya plastiki."

Mume akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akavuta kigoda. Alimsikiliza mpaka mwisho. Shangazi alimweleza kwamba hakumkasirikia Kebo kwa kukosea, kila fundi hukosea. Kilichomuuma ni kusimama pembeni huku kitu chake kinahamishwa na mikono ya wengine, kama masufuria yale.

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kuihamisha mwenyewe."

"Kuhamisha kompyuta? Wewe?"

"Mimi. Kebo akae pembeni, aseme, mimi nibonyeze. Nikikosea nitajua nimekosea wapi."

Mumewe alimjua vya kutosha. "Basi mie nanyamaza," akasema. "Ila vitunguu vimetosha, hapo unapika chakula cha harusi."

Jioni hiyo hiyo Shangazi alimpigia rafiki yake waliyesoma naye kozi, mwanamume mcheshi asiyeona tangu kuzaliwa, aliyewahi kufanya kazi kwenye dawati la simu la hoteli kabla hoteli haijafungwa. Alipomweleza, rafiki alicheka mpaka Shangazi akataka kukata simu.

"Usinicheke, kaka, mwenzio nimekalishwa na maua."

"Nacheka kwa sababu na mimi nililia hivyo hivyo. Sikiliza. Kompyuta yenyewe ina msomaji wake, alizaliwa nayo. Sauti yake mbaya, anasoma kama mtu aliyelazimishwa, lakini anaamka hata kabla hujaandika nywila. Kuna vitufe unavibonyeza pamoja. Na ile habari ya namba kwenye skrini, waambie wakupe ufunguo. Kidude kidogo cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta. Unaandika namba yake ya siri, unakigusa kwa kidole, kinathibitisha kuwa ni wewe. Hakuna namba ya kusomewa."

Kesho yake asubuhi Shangazi alifika kwa Kebo kabla hajanywa chai. Kebo alikuwa ameshaifungua kompyuta ya Shangazi kwa kuiwasha kupitia flashi, akairudisha kwa muda kwenye kikoa cha zamani, na vitu alivyovikagua vilikuwa salama, hata maneno ya Kasuku. Kabla hajapongezwa, Shangazi alimweleza habari ya msomaji na ufunguo.

Kebo akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Ufunguo naujua. Wakuu wanao, wanautumia kwa sababu hawataki usumbufu. Sijui kwa nini sikuufikiria kwa ajili yako."

"Ulikuwa unafikiria namna ya kunisomea. Sasa nisikilize mimi ninachotaka. Nipe kompyuta yoyote kuukuu iliyo stoo. Tuitoe kwenye kikoa, tuiunganishe na wingu, tuirudishe, mpaka mikono yangu izoee. Kisha tuje kwenye yangu."

"Meneja anataka tumalize wiki hii."

"Nitazungumza naye."

Alizungumza naye mlangoni, akiwa amesimama. Hakulia wala hakusihi. Alisema akipewa muda mfupi wa kujifunza na siku moja ya kujaribu, kisha akishindwa, ataenda mwenyewe kukaa na yale maua na hatalalamika tena. Meneja alimtazama, akatazama saa, akasema, "Haya. Lakini Shangazi, ikishindikana tena sitakuwa na la kuwaambia wakubwa."

"Utawaambia nilijaribu mwenyewe."

Wakawa wanakutana stoo, kati ya marobota ya kamba za chuma na vibao vya vitufe vya lifti. Msomaji wa kompyuta alikuwa na sauti mbaya kweli, rafiki hakutia chumvi. Kebo alikaa mikono ameificha mifukoni, maana alijijua, akiiacha nje itavamia kibodi. Mara ya kwanza Shangazi alipotea katikati ya mipangilio akajikuta kwenye rangi za skrini. "Nataka rangi ya kijani," akasema, "nikichoka kuhama nitapamba." Mara nyingine ufunguo ulikataa kwa sababu alikuwa anaugusa ubavuni badala ya katikati. Aliuchomoa, akaupapasa mpaka akaijua sehemu yenye shimo dogo. Kebo naye alijifunza. Aliacha kusema "bonyeza pale" na "hicho cha bluu", akaanza kusema "shuka vitatu, ndiyo, hapo." Siku walipofika mwisho bila kukosea, aliitikia kwa kupiga makofi mawili kwenye boksi.

Siku yenyewe, Shangazi aliketi kwenye kiti chake. Alianza na ile akaunti ya dharura. Akaifungua, akaipa nywila, akatoka, akaingia nayo ili kuhakikisha inakubali, akarudi. Kebo, aliyefunzwa na maumivu, akamwambia aijaribu tena, naye akaijaribu tena. Maneno ya Kasuku akayanakili kwenye flashi, na nakala nyingine akaituma mahali pengine. Kisha akasimamisha vidole juu ya kibodi.

"Naitoa."

"Itoe."

Feni ikazimika. Mwenzake wa dawati la pili akageuka. Mtu wa stoo, ambaye hakuwa na shughuli yoyote pale, alikuwa amesimama na boksi mikononi ili aonekane ana shughuli. Kompyuta ikawaka. Shangazi akabonyeza vitufe vyake, na ile sauti ya kulazimishwa ikakoroma: *sehemu ya nywila.*

"Mbaya kama nini," Shangazi akasema, "lakini karibu sana."

Akaingia kwa akaunti ya dharura. Akaenda kwenye mipangilio, akaiunganisha kompyuta na saraka mpya, akaandika anwani yake ya kazi herufi kwa herufi. Ufunguo ukaitwa. Akauchomeka, akaandika siri yake, akaugusa pale palipo na shimo dogo. Wakangoja. Kebo alikuwa analitikisa goti mpaka meza ikatetemeka, Shangazi akamwekea mkono begani, goti likatulia. Sauti ikasema kifaa kimeunganishwa na shirika lake.

Hakushangilia bado. Alijua chumba kipya ni kitupu. Aliwasha upya, akaingia kwa jina lake, akangoja kompyuta imalize kumwandalia nyumba, akamwamsha Kasuku, na Kasuku akaanza kusoma kwa kasi ya mtoto wa chekechea, akivunjavunja majina ya mitaa kama zamani. Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka, akachukua flashi, akarudisha maneno mahali pake, akafunga, akafungua. Kisha akaandika jina la jengo gumu kuliko yote, lile ambalo Kasuku alimsumbua nalo muda mrefu kabla ya kulinyoosha.

Kasuku akalisema sawasawa.

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa, akaweka viganja viwili juu ya kibodi bila kubonyeza kitu. Kebo akainuka kimya, akamwambia mtu wa stoo, "Twende zetu, boksi hilo litakuua mikono."

Si kila kitu kilirudi. Barua pepe za miaka ya mwanzo hazikufunguka tena, na mojawapo ilitoka kwa bosi wa zamani aliyemwajiri, ambaye sasa ni marehemu. Kebo alizitafuta kwa siku kadhaa, akaja kumwambia ameshindwa. Shangazi alisikitika, akamshukuru kwa kumwambia ukweli.

Siku ya majaribio meneja alivuta kiti, akaketi karibu naye kutwa nzima na kikombe cha chai kilichopoa. Simu zilikuja kama kawaida. Mchana akapiga mwanamke mmoja aliyekwama na mama yake mgonjwa, akilia. Shangazi akamuuliza yuko na nani, akamwambia amshike mama mkono na amwimbie wimbo wowote anaoupenda, na wakati wimbo dhaifu unasikika kwenye simu alikuwa ameshalipata jengo, ameshampata fundi, ameshaagiza lango lifunguliwe. Alipokata simu alikunywa maji, akageuka upande wa meneja.

"Kuna swali?"

"Hapana," meneja akasema. Akasogeza kikombe chake pembeni, akaongeza, "Nilidhani nakusaidia."

"Najua, dada. Ndiyo maana sikukasirika sana."

Baada ya miezi michache kampuni ilifungua tawi upande wa pili wa mji, nalo likahitaji dawati la simu. Meneja alikuja mezani kwa Shangazi na kuuliza, kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa, kama yule rafiki yake wa hotelini, ambaye Shangazi aliwahi kumsimulia habari zake, bado anatafuta kazi. Na kama Shangazi angeweza kwenda kukaa naye siku za mwanzo, amfundishe majengo.

"Anatafuta," Shangazi akasema. "Na nitakwenda. Lakini kabla ya kompyuta, mtupeleke kwanza tuyajue majengo yenyewe, tujue mlango uko wapi, ngazi ziko wapi, na choo kiko wapi. Kuanzia hapo sisi wenyewe tutajipanga."

Meneja akaandika. Shangazi alikuwa ameshampigia rafiki yake.